Labeka Kabla ya Kusikia

Kwetu Tanga, na nadhani pwani nzima ni hivyo hivyo, mtoto wa kiume aliyelelewa akaleleka hupimwa kwa neno moja kabla ya kupimwa kwa mengine yote: aitwapo na mkubwa wake huitika "Labeka", na huitika mara ya kwanza, kwani kuitwa mara ya pili ni jeuri na mara ya tatu ni fimbo. Mimi nilipotimu miaka saba, baada ya homa iliyonilaza kitandani siku nyingi na sindano zilizoniinua, nikawa mtoto wa mara ya tatu. Zile sindano, ambazo sina shaka ziliniokoa roho, zilikuwa za jamii ya dawa ambazo huweza kuviua vinywele vidogo vilivyomo ndani ya sikio, navyo vikisha kufa havioti tena. Tabibu kama alilijua hilo hakulisema, na sisi hatukuwa watu wa kumhoji tabibu. Lililojulikana mtaani kwetu Ngamiani ni kwamba mtoto wa fulani amekuwa jeuri.

Dawa yangu niliibuni mwenyewe, nayo ilikuwa nyepesi mno: kuitika. Nilipouona mdomo wa mkubwa umeelekea kwangu na kufunuka, nilitoa labeka yangu, kisha nikatazama mikono na macho yake nibahatishe ninatumwa maji au mkaa. Chuoni niliikodolea macho midomo ya aliyekaa karibu nami nikachezesha yangu, na kwa kuwa tulikuwa arubaini tukisoma kwa sauti moja, mwalimu hakupata kujua kwamba mmoja wetu ni kinywa kitupu. Msikitini palikuwa pagumu kidogo, kwa maana kwenye sijida mtu haoni kitu ila mkeka; hapo nilingoja bega la jirani liondoke kwenye langu ndipo nami niinuke, na akiwa jirani yangu ni mzee wa taratibu, basi tulichelewa sote wawili.

Mtu akizoea kuitika asilolisikia utotoni, ukubwani huwa hodari wa jambo hilo kuliko kazi anayolipwa mshahara. Nilicheka wengine walipocheka, nikasikitika waliposikitika. Hata nilipopata shimesikio, chombo ambacho kilinikuzia kelele za mji mzima bila ya kunikuzia maana, niliendelea vile vile. Jioni moja barazani mzee mmoja wa heshima alinisogelea akasema maneno marefu, nami nikamwitikia kila alipopumua. Ijumaa iliyofuata wakaja vijana wawili kumchukua mbuzi niliyemwahidi kwa ajili ya khitma. Sikuwa na mbuzi, wala sijapata kufuga mbuzi. Nilikwenda nikamnunua.

Hilo ni la kuchekesha, na aghalabu nimelisimulia kama la kuchekesha. La pili sijalisimulia. Marehemu mama alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, usiku mmoja nikiwa peke yangu kando ya kitanda chake, alinishika kiganja akaniambia neno. Halikuwa refu. Niliuona mdomo ukifunguka mara mbili au tatu, lakini mama alikuwa hana meno tena, na mdomo usio na meno, kwa msomaji wa midomo, ni kama maandishi ya Kiarabu yaliyofutwa nukta zake. Ningaliweza kumwambia, "Mama, sikusikia." Nikasema, "Labeka, mama." Akafumba macho kwa utulivu, kana kwamba lake limekubaliwa, na baada ya siku mbili akafariki.

Nilipokaribia miaka hamsini masikio yalizimika kabisa, na jamaa wakachanga nikapelekwa India kupandikizwa kile wanachokiita kipandikizi cha koklea. Kazi hiyo ilikuwa bado haijaanza hapa nchini, maana Muhimbili iliianza mwaka 2017. Shimesikio huipaza sauti na kuifikisha kwenye sikio lile lile lililoharibika, mfano wa mtu ampigiaye ukelele bawabu aliyekwisha kufa. Kipandikizi humpita bawabu: uzi mwembamba wenye elektrodi huingizwa ndani ya koklea, sehemu ya sikio iliyojizungusha kama konokono, nao huugusa mshipa wa kusikia kwa umeme, ilhali nje, nyuma ya sikio, hukaa kipaza sauti kinachopeleka habari ndani kupitia kidude cha mviringo kinachong'ang'ania ngozi ya kichwa kwa sumaku. Miongoni mwa walioanzisha elimu hii ni Graeme Clark wa Australia, mtoto wa mfamasia aliyekuwa mgumu wa kusikia; Clark alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mjini Melbourne tarehe 1 Agosti 1978. Kilichomsumbua ni namna ya kuusukuma uzi ndani ya mzingo ule usijikunje, na jawabu alilipata ufukweni, ganda la kome mkononi, alipoona kwamba jani lililo laini nchani na gumu shinani huzunguka likafika ndani. Sisi tuliokulia kando ya bahari tumeyaweka maganda ya kome masikioni tangu utoto, wala wazo hilo halikutupitikia.

Majuma kadhaa baada ya kupasuliwa, kidonda kilipokwisha kupona, wakaniwasha. Niliyoyangoja ni sauti za wanadamu. Yaliyonijia ni vyura ndani ya debe. Mke wangu alisema jina langu, nikasikia bati likikwaruzwa. Elektrodi zangu ni 22, na sikio aliloliumba Mola lina seli zenye vinywele zipatazo 15,000, kwa hiyo bongo hupewa barua iliyoloweshwa na mvua, likaambiwa lisome. Na la ajabu ni kwamba, likipewa muda na mazoezi, husoma.

Mazoezi yetu tuliyafanyia sebuleni kila baada ya alasiri. Mke wangu aliufunika uso wake kwa kawa, akataja samaki mmoja mmoja, changu, tasi, kolekole, chewa, nami nikarudia nilichosikia. Siku za mwanzo nilimfurahisha kwa wepesi wangu. Siku ya nne akakaa kimya nyuma ya lile kawa, asitaje kitu, nami baada ya muda wa heshima nikasema, "Nguru."

Akalishusha kawa. "Sikusema neno," akaniambia. Kisha, kwa sauti ambayo hata vyura wangu hawakuweza kuificha huzuni yake: "Bwana wee, miaka yote hii ulikuwa ukinijibu hivi?"

Ndipo ikawa sharti ya mazoezi kwamba nisiloshika niseme sikulishika. Mtaona ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa gumu kuliko kisu cha mpasuaji, kwa sababu adabu yangu yote na muruwa wangu wote niliujenga juu ya kuitika, na sasa, nilipoanza kusikia kweli, ndipo nilipotakiwa nikiri mara ishirini kwa siku kwamba sikusikia. Mengine niliyazoea upesi. Jasho la kaskazi huingia ndani ya kifaa, nami hukilaza usiku katika kikopo cha kukikaushia. Kofia ikikaza hukibandua kidude cha sumaku, na mara moja kilidondoka sijidani nikakitafuta mkekani kwa vidole huku jamaa wamekwisha simama. Taarabu ya kikundi cha Black Star, niliyoihifadhi kichwani tangu nilipokuwa nasikia kidogo, hunijia ngoma yake imetimia na ala zake nyingine zimevurugika. Sina manung'uniko. Wapo viziwi waliokulia katika lugha ya alama ambao hawakitamani chombo hiki, nami nawaelewa, kwani wao wana lugha kamili. Mimi nilikuwa sina yao wala ya wasikiao, nilikuwa na labeka tu.

Mwaka jana nilikwenda Pangani kumzuru dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza mama. Nilikuwa nimelibeba swali miaka mingi. Nikamuuliza kama mama alipata kumwambia neno alilonipa usiku ule, au kama yeye mwenyewe alilisikia.

"Usiku upi, mdogo wangu?" akasema. Nikamweleza. Akafikiri, akakuna kipaji. "Sikumbuki. Labda nilikuwa uani nachemsha maji. Yeye mwenyewe hakunambia kitu."

Nililisikia kila neno, waziwazi, hata pumzi aliyoivuta kabla ya kusema "labda". Akainuka, akaenda jikoni, na huko, mgongo wake kwangu na sufuria zikilia, akasema jambo.

"Sikusikia, dada," nikamwambia.

Akarudi hadi mlangoni, kijiko mkononi, akauliza tena, kwa sauti kubwa kupita haja, kama chai yangu naitaka na tangawizi.