Wajibu wa Mwenye Kukusanya

Kufuga samaki katika tangi la kioo ni pumbao la utulivu, na watu wengi hudhani kuwa pumbao halina hukumu ya wema na ubaya. Mtu hununua tangi, hulijaza maji na mimea, kisha huenda dukani akachagua samaki kwa macho: huyu kwa wekundu wake, yule kwa mapezi yake marefu, wa tatu kwa kuwa bei yake ni nafuu. Baada ya siku kadhaa huwahesabu akaona wamepungua, na papo hapo humtaja mmoja wao kuwa katili. Neno hilo lafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa. Ukatili ni wa nani: wa samaki aliyekula, au wa mtu aliyewatia mlaji na mliwa katika chumba kisicho na mlango?

Tuchukue mfano wa samaki wawili wanaopendwa sana na wafugaji, neoni na skalari. Wote wawili asili yao ni mito ya Amazoni, huko Amerika ya Kusini. Neoni ni mdogo, mwenye mstari wa buluu ung'aao na mwingine mwekundu. Hata akikomaa hazidi sentimita 4 hivi. Skalari ni bapa kama jani, mwenye mapezi marefu ya fahari. Dukani skalari huwa mtoto, mwili wake ukubwa wa sarafu, naye huogelea kati ya neoni bila kuwadhuru. Lakini mwili wake huweza kufikia sentimita 15, na skalari mkubwa hula samaki anayeenea kinywani mwake. Siku atakapomla neoni hatakuwa amevunja ahadi yoyote, maana hakuahidi neno. Mwenye tangi alitazama leo ya samaki, hakutazama kesho yake. Tena alidhani kwamba kutoka mto mmoja ni dhamana ya amani.

Jambo la pili la kutazamwa ni maji yenyewe. Kwetu sisi maji ni maji, lakini kwa samaki maji ni nchi. Neoni wa mwituni huishi katika maji yenye asidi kidogo na madini machache. Mbuna wa Ziwa Malawi, ambao rangi zao zimewapa sifa duniani kote, huishi penye miamba, katika maji yenye madini mengi na yasiyo na asidi. Samaki wa dhahabu, ambaye Wachina walianza kumfuga zamani sana, hupenda maji ya baridi kuliko samaki wa nchi za joto. Mwenye kuwaweka hao wote pamoja hana budi kumwonea mmojawapo. Huenda asione vita wala damu, ila aone samaki aliyefifia rangi, akajikunyata pembeni, akafa kimya. Dhuluma isiyo na kelele ni dhuluma vile vile.

Jambo la tatu ni tabia. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na madume wawili wa beta, samaki wa Thailand, huithibitisha methali hiyo, kwani wakitiwa katika tangi moja hupigana mpaka mmoja aumie vibaya au afe. Kinyume chake, neoni akiwekwa peke yake huishi kwa hofu. Yeye ni samaki wa kundi, na kundi la sita ni haba kwake. Basi wema haumaanishi kuwatendea wote sawasawa. Upweke ulio amani kwa beta ni adhabu kwa neoni, na mwenye haki ni yule anayejua kila mmoja ahitaji nini kabla ya kumpa.

Tena kuna idadi. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, hasa kwa njia ya matamvua yake. Katika tangi lililotulia bakteria huigeuza amonia hiyo kwa hatua mpaka iwe kitu chenye madhara madogo, lakini bakteria hao huchukua majuma kadhaa kuongezeka, na kazi yao ina kikomo. Atiaye samaki ishirini penye nafasi ya watano huwafanya hata walio wapole kuuana bila kukusudia, kila mmoja kwa uchafu wa mwenzake.

Yamkini msomaji atauliza: Je, mtoni samaki hawalani? Kwa nini tumdai mfugaji amani ambayo maumbile yenyewe hayakuiweka? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo shina la maneno yetu. Mtoni samaki mdogo ana magugu ya kujificha, ana mkondo wa kukimbilia, ana giza la kina. Mara nyingine huponyoka, mara nyingine haponyoki. Katika tangi njia hizo zimefungwa, na aliyezifunga ni mtu. Mwenye kumwondolea mwingine uwezo wa kukimbia amejitwika yeye mwenyewe kazi ya kumlinda. Wajibu haukuletwa na ukubwa wa samaki wala na thamani yake sokoni. Umeletwa na kioo.

Tena jambo hili halikomi kwenye tangi. Katika miaka ya 1950 sangara, ambaye kandokando ya Kisumu huitwa mbuta, alitiwa katika Ziwa Viktoria. Hakuwa mwenyeji wa ziwa hilo, na huweza kukua akapita kilo 100. Waliomleta walitaka samaki mkubwa mwenye faida mahali pa fulu, samaki wadogo wa mamia ya aina ambao wengi wao hawakupatikana penginepo duniani. Katika miaka ya 1980 mbuta aliongezeka mno, na aina nyingi za fulu zikatoweka, ingawa uchafu ulioingia ziwani nao ulichangia. Ni kweli kwamba mbuta alileta viwanda, biashara ya ng'ambo na riziki kwa watu wengi, wala si haki kuificha faida hiyo. Lakini faida ya wengine hailipi deni la aliyepotea. Mwenye tangi akikosea uchaguzi, aweza kumtoa samaki kwa wavu kabla ya jua kutua. Ziwa halina wavu wa namna hiyo. Kwa hiyo kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo impasavyo mwenye kuchagua kukawia zaidi kabla ya kutia mkono.

Hapa lazima tujihadhari na mtu atakayesema: Basi na wanadamu wa asili mbalimbali wasikae pamoja, kama vile neoni na mbuna. Huo ni upotovu wa hoja. Skalari hawezi kujizuia. Hana sheria, hana aibu, hawezi kujifunza kuwa jirani mwema. Mwanadamu aweza hayo yote, naye hukaa na watu wa kabila lolote akitaka. Ndiyo maana katika tangi lawama yote humwangukia aliyekusanya, lakini katika bweni la shule lawama hugawanyika. Mwanafunzi mkubwa amnyang'anyaye mgeni chakula na blanketi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ndivyo alivyoumbwa, kwa maana alikuwa na hiari. Na viranja na walimu waliomlaza mgeni huyo chini ya mikono yake, kisha wasirudi kutazama, hawawezi kujitetea kwa kusema kwamba si wao waliomnyang'anya. Yule mtoto naye hakuwa na mlango wa kutokea.

Wengi wenu mtakabidhiwa mamlaka ya kuwapanga wengine: darasani, kazini, katika nyumba zenu na katika serikali. Kabla ya kuwaweka watu au viumbe mahali wasipoweza kutoka, jiulizeni ni nani kati yao atakayeumia, na kama akiumia atawezaje kuwafikishia habari. Samaki hana sauti. Asiyekuwa na sauti hawezi kudai haki yake, kwa hiyo yampasa mwenye kumkusanya aikumbuke bila kudaiwa.