Haki ya Maji Yapitayo: Fikra Kuhusu Ruaha Mbuyuni

Swali la iwapo binadamu anaweza kumiliki kitu kisichotulia lina sura ya wazi huko Ruaha Mbuyuni, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam huvuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia Mkoa wa Iringa, kabla ya kuukabili mlima wa Kitonga. Mto huo huja kutoka Bwawa la Mtera na huendelea hadi mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na katikati ya safari hiyo mashine za wakulima huyavuta maji kwenda kwenye majaruba ya vitunguu, vile vile ambavyo baadaye huuzwa kwa abiria kupitia madirisha ya mabasi.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alifundisha kwamba kazi ya mikono hugeuza kitu cha wote kuwa mali ya mtu, mradi wengine wamebakiziwa cha kuwatosha. Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wakitegemea hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Daud kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto, walikwenda kwa hadhari zaidi: maji ya mto ni ya wote, na humilikiwa pale tu yanapotiwa chomboni. Sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inamweka Rais kuwa mdhamini wa maji, yaani mshika amana kwa niaba ya umma.

Hoja zote hizo, hata hivyo, humtazama achotaye. Mto Lukosi, unaoungana na Ruaha Mkuu karibu na mji huo, hulishwa na misitu ya Milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake ni hifadhi ya taifa tangu 1992. Mkulima ana haki ya jasho lake, hilo halina ubishi. Lakini maji ya kiangazi yanatokana pia na miti ambayo mtu fulani hakuikata, na falsafa ya kazi haina namna ya kuihesabu kazi ya kujizuia. Upande wa mashariki wa milima hiyo, ambako mito huelekea Bonde la Kilombero, wanawake waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini hadi ruhusa ilipofutwa mwaka 2011. Kujizuia huko hawakukuchagua wao. Na ikiwa kujizuia kwa hiari huzaa haki, kujizuia kwa kulazimishwa huzaa deni, ambalo anayefaidi maji ya mkondo wa chini, awe na shamba au na mtambo wa umeme, hajaulizwa bado atalilipaje.