Picha Iliyofichika na Swali la Chanzo

Negativu hafifu, inayokaribia kuwa wazi kama kioo, ina maelezo mawili. Huenda mwanga ulioingia kwenye kamera ulikuwa haba. Huenda pia mwanga ulitosha, ila dawa ya kusafishia ilikuwa baridi, imechoka, au imemwagwa kabla ya wakati. Anayesafisha filamu ya nyeusi na nyeupe nyumbani ameshika tokeo mkononi na anatafuta kilicholileta. Hapo huingia, apende asipende, katika swali la kale la falsafa: je, tokeo linaweza kumtaja mzazi wake?

Kwa kiasi fulani linaweza. Mwaka 1890 watafiti Hurter na Driffield walichapisha huko Uingereza utafiti ulioonyesha kwamba weusi wa negativu hufuata kiasi cha mwanga kwa mpangilio unaochorika kama mstari uliopinda. Sehemu za kivuli, kama koti jeusi au kona ya chumba, hutegemea zaidi mwanga uliopita kwenye lenzi. Sehemu angavu, kama anga au kanzu nyeupe, huzidi kuwa nzito kadiri filamu inavyokaa ndani ya dawa. Kwa hiyo vivuli vitupu chini ya anga nzito huishtaki kamera. Vivuli vilivyojaa chini ya anga iliyopooza huishtaki dawa.

Shahidi bora, hata hivyo, yuko ukingoni mwa filamu. Jina la filamu na namba za picha huandikwa kwa mwanga kiwandani, kabla filamu haijaingia kwenye kamera yoyote, na hutokea tu ikisafishwa. Maandishi hayo yakiwa meusi na makali huku picha hazipo, dawa haina hatia: filamu haikunasa kwenye meno ya kamera, au shata haikufunguka. Yakiwa hafifu kama picha zenyewe, dawa ndiyo ya kuulizwa. Yasipokuwepo kabisa, mara nyingi dawa ya kukazia picha, yaani fiksa, ilitangulia ile ya kusafishia. John Stuart Mill, katika kitabu A System of Logic cha mwaka 1843, aliita njia hii mbinu ya tofauti: kulinganisha hali mbili zinazofanana katika yote isipokuwa moja. Picha na maandishi ya ukingoni vimeshiriki tangi, joto na dakika zilezile. Kamera tu ndiyo haikuyagusa maandishi. (Wengi, filamu moja ikiharibika, hubadilisha dawa, joto na muda kwa mpigo, kisha hupata picha nzuri wasijue kilichowaokoa.)

Mwanazuoni Al-Ghazali angeongeza tahadhari. Katika Tahafut al-Falasifa alisema kwamba pamba ikigusana na moto, jicho huona mguso na kuungua vikiandamana, bali ulazima unaovifunga halioni; kinachoitwa chanzo ni desturi iliyozoeleka. Neno lake la Kiarabu la desturi ndilo lililokuja kuwa "ada" katika Kiswahili. Ndani ya tangi lililofungwa hata kuandamana huko hakuonekani. Tangi hupinduliwa kila dakika, dawa ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, na kazi yote huendeshwa kwa kuiamini ada.

Swali gumu zaidi ni la kuwepo. Mwaka 1840 William Henry Fox Talbot aligundua kwamba karatasi iliyopigwa mwanga kwa muda mfupi, ingawa yaonekana tupu, huficha picha ambayo dawa huitokeza. Wanafizikia Gurney na Mott walieleza mwaka 1938 jinsi inavyokuwa: mwanga huachilia elektroni ndani ya fuwele ya chumvi ya fedha, na atomi chache za fedha hukusanyika mahali pamoja. Hizo chache zinatosha kuifanya dawa igeuze fuwele nzima, yenye mabilioni ya atomi. Anayesema picha haipo kabla ya dawa anadaiwa kueleza kwa nini dawa haitoi picha nyingine. Mtu anaweza kukimbilia mfano wa Aristotle wa kitu kilicho katika uwezo tu, kama mti ndani ya mbegu, lakini mfano huo unapwaya: mbegu bado inangoja umbo, ilhali hapa umbo limekwisha kukatwa na kinachongojwa ni wingi. Na umbo hilo huweza kungoja miaka mingi. Safari ya puto ya Msweden Salomon August Andrée kuelekea Ncha ya Kaskazini iliishia barafuni mwaka 1897. Filamu zake zilipatikana katika kisiwa cha Kvitøya mwaka 1930, na John Hertzberg akaokoa picha 93 huko Stockholm. Kwa miaka 33 picha ya puto lililoanguka ilikuwa imeandikwa kwenye filamu, bila msomaji.

Dawa, basi, hukuza, haiumbi. Kurefusha muda wa kusafisha huongeza weusi wa anga, ila kivuli kisichopata mwanga hubaki kitupu. Negativu yenye ukungu wa maziwa hurudishwa kwenye fiksa ikatakata. Vidoa vya mapovu ya hewa, ambavyo huja tangi lisipogongwagongwa mwanzoni, havina dawa. Hapo picha iliyofichika ilikuwepo, dawa haikuifikia, kisha fiksa ikaiondoa pamoja na chumvi iliyoibeba. Kwa weusi wake doa hilo halitofautiani na mahali ambapo mwanga haukufika kamwe. Ni mduara wake tu, usiofanana na chochote kilichokuwa mbele ya lenzi, unaolitaja povu.