Nguvu Iliyonunuliwa

Kupenda kitu kizuri si dhambi, wala kukinunua kwa jasho la halali si wizi. Walakini kila mnunuzi hupata vitu viwili kwa bei moja: kitu chenyewe na wajibu wake. Kitu huonekana siku ya kununuliwa. Wajibu huonekana baadaye. Basi mtu aliyehama kwao, akapata kazi ng'ambo, akanunua motokaa kuukuu ya Kijapani yenye nguvu za mbio, je, yeye ameipata nguvu, au nguvu imempata yeye?

Shauku hiyo haizaliwi ugenini. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Nyakanazi, katika Biharamulo, ikaendelea Ngara hata mipaka ya Rusumo na Kabanga. Juu yake hupita malori ya shehena, na motokaa zilizokwisha kutumika Japani zikielekea kwa wenyewe wapya. Kijana wa Nyamigogo, mkoani Kagera, aweza kuyajua majina ya motokaa hizo kabla hajashika usukani. Na majina hayo yana utukufu wa zamani katika Afrika ya Mashariki. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, mwaka 1973 na kila mwaka tangu 1979 hata 1982, na mara zote tano alipanda motokaa za kampuni ya Nissan. Mtoto aliyesimuliwa habari hizi hawezi kulaumiwa kwa kuota.

Kijana huyo akihamia Uingereza, ndoto hugeuka kuwa bei. Subaru Impreza iliyotumika, ambayo kwao ilikuwa ya kutazamwa ikipita, huko yaweza kununuliwa kwa akiba ya mshahara. Hapo majaribu mawili humjia.

Jaribu la kwanza ni kutaka kuonekana. Nyumbani alikuwa mwana wa fulani, mjukuu wa fulani. Salamu ilimtangulia njiani. Ugenini hana ukoo unaojulikana, na jina lake hutamkwa kombo. Mngurumo wa injini humsemea maneno ambayo ulimi wake haujapata nafasi ya kuyasema: nami nipo. Haja hiyo ni ya utu, wala haifai kuchekwa. Lakini heshima inayoletwa na mngurumo hudumu kadiri ya mngurumo. Injini ikizimwa, mtu hubaki na alichokuwa nacho kabla ya kuiwasha.

Jaribu la pili ni kusahau fedha ile ni ya nani. Wako wasemao kuwa jasho ni la mtoa jasho, na atumie apendavyo. Wako wasemao kuwa aliyesomeshwa kwa kahawa na ndizi za wazee wake hana shilingi iliyo yake peke yake. Kila upande umeshika nusu ya haki. Deni hutangulia anasa. Aliyekwisha kutuma karo ya wadogo zake na dawa ya mama yake aweza kujifurahisha bila haya. Nao walio nyumbani hawana haki ya kuhesabu kila raha ya msafiri kuwa dhuluma juu yao. Mizani haiko mbali: mtu aonaye lazima kuificha motokaa yake katika picha anazotuma kwao amekwisha kujihukumu mwenyewe.

Tena kuna jambo la ukuukuu wake. Anunuaye kilichotumika hurithi matendo ya asiyemjua. Motokaa ya mbio ni nadra kuendeshwa kwa upole. Aliyeikanyaga jana amemwachia wa leo injini iliyochoka, breki zilizolika, na pengine mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma. Katika Uingereza kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka zaweza kutazamwa na yeyote, na leseni ya Tanzania humtosha mkazi mpya kwa miezi 12 tu, kisha hana budi kufanya mtihani. Kwa hiyo asiyeuliza habari za chombo chake, wala za sheria, hakunyimwa elimu, ameikataa. Ujinga wa kuchagua ni hatia, ijapokuwa hakuna hakimu aliyeutaja.

Wajapani wenyewe wameacha funzo katika jambo hili. Tangu mwaka 1989 hata 2004 watengenezaji wao walipatana kwamba motokaa za nchini mwao zisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280. Mapatano yalikuwa mazuri, kwa kuwa yalikiri kwamba nguvu bila kikomo ni hatari. Lakini baadhi ya injini zilikuwa na nguvu kuliko ilivyoandikwa. Ndivyo ilivyo kwa wanadamu pia: kikomo cha karatasini si kikomo cha moyoni, na aliyefungwa na sheria peke yake hungoja mahali pasipo na askari.

Mwendo wa kasi una mashahidi wasioalikwa. Mtoto avukaye njia, mzee mwenye mkongojo, mama atokaye kazini usiku, hakuna hata mmoja aliyekubali kulipia furaha ya mwenye motokaa. Na akiangamia dereva mwenyewe, hafi peke yake. Ng'ambo ya bahari iko nyumba inayongoja sauti yake.

Basi motokaa na inunuliwe, ikiwa deni limelipwa, chombo kimechunguzwa, na matunzo yake hayatoki katika chakula cha wengine. Lakini bei yake ya mwisho hailipwi kwa muuzaji. Hulipwa kila siku barabarani, na mguu uwezao kukanyaga ukakataa. Mwenye mguu huo ndiye mwenye motokaa. Aliyeukosa ni abiria katika mali yake mwenyewe.