Kinywaji cha Kutafuna

Magharibi ya mji wa Nairobi, katika mtaa wa Muthangari na mitaa jirani ya Lavington na Kileleshwa, yapo maduka yauzayo kinywaji ambacho watu wa rika langu hawakukijua walipokuwa vijana. Ni chai baridi iliyotiwa maziwa, sukari na barafu, na chini ya kikombe huzama tembe nyeusi za mviringo, kila moja yapata ukubwa wa punje ya njegere. Kikombe hufungwa juu kwa utando wa plastiki, na utando huo hutobolewa kwa mrija mpana, mpana hata tembe ziweze kupanda ndani yake na kufika kinywani pamoja na chai. Mnywaji hunywa na kutafuna kwa wakati mmoja. Vijana hukiita boba; wengine hukiita chai ya lulu, nami nimelipenda zaidi jina hili la pili, kwa kuwa lulu nayo hutolewa chini ya maji.

Siku ya Jumamosi, alasiri, wanafunzi hujipanga mbele ya maduka hayo kama watu wangojao habari njema. Mtu mzima apitaye hutikisa kichwa. Mimi nilikuwa mmoja wa watikisao kichwa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, wakati huo alikuwa kidato cha pili, naye hukaa nyumbani kwangu Kawangware. Kutoka Muthangari hadi kwetu ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja, lakini ni safari kati ya dunia mbili. Jumamosi moja nilimpa shilingi 500 za nauli na za daftari kubwa la hesabu, akaenda Muthangari kujisomea na wenzake. Alirudi magharibi, viatu vimejaa vumbi, daftari hana na nauli hana. Nilipomwuliza fedha zimekwenda wapi, hakunidanganya. "Nilinunua boba, mjomba," alisema.

Nilimkaripia kwa maneno mengi. Nilisema kwamba ameuza daftari kwa maji ya sukari. Kwamba kinywaji chenyewe si chetu, kimetoka ng'ambo kama mitindo yote ya upuuzi. Kwamba sisi tuna chai yetu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa upole, "Mjomba, usinikasirikie. Hiyo chai yetu, babu wa babu yako aliinywa?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Babu wa babu yangu hakuinywa. Mche wa kwanza wa chai katika nchi hii ulipandwa Limuru mwaka 1903, kwa mbegu zilizotoka Uhindi, na kwa miaka mingi mkulima Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda katika shamba lake. Mlango huo ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950. Mama yangu alichuma chai ya watu wengine huko huko Limuru kabla hajapata miche yake mwenyewe. Alinisimulia kwamba babu yake, aliyezoea uji, aliwacheka wanawe walipoanza kunywa maji ya majani. Leo Kenya husafirisha nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na nyumba isiyomkaribisha mgeni kwa chai huonekana nyumba yenye kasoro. Kicheko cha mzee yule kilikuwa kicheko changu. Tofauti ni miaka tu.

Na zile tembe, je? Hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini ulioletwa Afrika na Wareno, kuanzia karne ya kumi na sita. Lakini jaribu kumwambia mtu wa Kilifi kwamba muhogo wake ni mgeni! Hata udongo wa Muthangari una habari kama hizi. Mapadri Wafaransa walioanzisha misheni ya St. Austin pande hizo mwaka 1899 walipanda mibuni, mmea ambao wenyeji hawakuwa wakiulima, na kahawa ikaja kuwa fahari ya nchi. Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ilianguka. Kitu hakiwi kibaya kwa kuwa kilizaliwa kwingine.

Chai ya lulu ilizaliwa Taiwan katika miaka ya 1980. Nyumba mbili za chai, Chun Shui Tang ya mji wa Taichung na Hanlin ya mji wa Tainan, kila moja ilidai kuwa ndiyo mama wa kinywaji hicho, na shauri lao lilichukua miaka kumi mahakamani. Mwaka 2019 mahakama ikatamka kwamba hicho ni kinywaji awezacho kukitengeneza mtu yeyote, kwa hiyo hapana haja ya kuamua nani alitangulia. Nimeipenda hukumu hiyo. Laiti wagombanao juu ya asili ya pilau wangeisikia.

Tena sina budi kukiri kwamba kinywaji chenyewe kina utamu wa haki. Nilikwenda kukionja, kwa maana si uungwana kuhukumu nisichokijua. Tembe hukandwa kwa wanga, maji ya moto na sukari ya rangi, zikachemshwa mpaka zikawa nyororo na kung'aa. Jino likizibana, hubonyea, kisha hurudi, kana kwamba zinajibu. Watu wa Taiwan wana neno maalumu kwa mnato wa namna hiyo, nao huusifu katika vyakula vingi. Sisi hatuna neno moja la kuutaja, ingawa ulimi wetu haukosi kuujua. Aliyekunywa faluda ya Mombasa, yenye mbegu laini zielezazo katika maziwa matamu, anajua ya kuwa kinywaji cha kutafuna si ajabu ya juzi. Kinywaji cha kawaida hupita kooni kikasahauliwa. Hiki humlazimisha mtu akae nacho, na mtu akaapo na kinywaji, hukaa na wenzake pia. Nadhani hapo ndipo penye siri ya kupendwa kwake. Huko Singapore, tarehe 21 Aprili 2020, serikali ilipotangaza kwamba maduka ya chai hii yatafungwa usiku ule kwa sababu ya maradhi ya korona, watu walipanga foleni ndefu katika saa za mwisho. Sidhani kuwa walikuwa na kiu.

Ubaya wa sukari nitautaja kwa ufupi, maana haujabishaniwa. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asizidishe yapata gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ni bora zaidi zisifike 25. Kikombe kimoja kikubwa chaweza kuyapita hayo ya pili kwa wepesi. Basi.

Lililonichoma zaidi ni jambo jingine. Siku chache baadaye nilimwuliza mpwa wangu, bila ukali, kama kinywaji kile kilimpendeza hata akaona ni halali kurudi kwa miguu. Aliinama. "Sikuwa na hamu nacho, mjomba. Wote walikuwa na vikombe. Niliona haya kukaa mikono mitupu."

Sasa, msomaji, twaweza kumhukumuje? Wapo watakaosema kwamba huo ni udhaifu wa nia: mtu mwenye akili hujua alitakalo, wala hatamani kwa macho ya wengine. Maneno hayo ni mazuri kuyasema. Lakini mimi nilipofika mjini nikiwa kijana, nilikuwa nikinunua gazeti la Kiingereza nililoshindwa kulisoma, nikalikunja na kulitia mfukoni kwa namna ambayo jina lake lionekane. Fedha ile ingeninunulia chakula cha mchana. Sikutaka habari zilizomo. Nilitaka kuhesabiwa miongoni mwa watu. Na kutaka kuhesabiwa miongoni mwa watu si kosa. Mtoto asiyejali kabisa kama yumo au hayumo katika kundi la wenzake angenitia hofu kuliko huyu.

Wala wenzake hawakuwa waovu. Aliniambia kwamba hapana aliyemshurutisha, na kama angekaa bila kikombe, hapana ambaye angemfukuza. Basi kosa liko wapi? Nililitafuta katika bei. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kwanza shilingi ishirini na kitu kwa kilo moja ya majani mabichi, kabla ya malipo ya mwisho wa mwaka. Kikombe cha shilingi 450 ni sawa na malipo hayo ya kwanza kwa kilo zipatazo 20, nami nayajua maumivu ya mgongo uliobeba kilo 20, kwa kuwa nilimkanda mama yangu kwa maji ya moto. Hesabu hiyo yafaa kujulikana. Hata hivyo haimhukumu mtoto, wala muuzaji alipaye kodi ya duka Muthangari hawezi kuuza kwa bei ya kibanda.

Mwisho jibu nililipata katika umbo la kikombe. Chai ya mama yangu ilipikwa katika sufuria. Mgeni akibisha hodi kabla haijaiva, maji yaliongezwa. Akija wa pili, yaliongezwa tena, na maziwa yakazidi kuwa haba, lakini kila mtu alishika kikombe. Chai ilikuwa nyepesi, na hapana aliyeona haya. Kikombe cha boba kimefungwa. Kina mrija mmoja, nacho ni cha mtu mmoja, wala hakiongezwi maji. Watu huketi pamoja kwa ajili yake, na hali hakigawanyiki. Asiyeweza kukilipia huona mikono yake mwenyewe kuwa mitupu, hata kama wenzake hawaitazami. Ukarimu wa zamani ulimwondolea maskini haja ya kujieleza. Katika duka hili urafiki haukukatazwa kwa yeyote, ila kiti chake kimewekewa bei, na mtoto mwenye haya hulipa kwa viatu vyake.

Sikumkataza kwenda tena. Daftari nililinunua Jumatatu, na karipio langu nililifuta, ila lile la nauli. Yeye mwenyewe ndiye aliyenijia na shauri. Alikuwa amesoma jinsi wanga unavyopatikana, akanituma muhogo sokoni. Tuliumenya, tukaukuna, tukaukamua katika maji na kuyaacha yatulie. Machicha tuliyatenga, na chini ya sufuria tukakuta wanga mweupe, laini kama vumbi la chaki. Alianza na unga wa dukani, lakini ulikatika-katika, ndipo tukajua kwamba unga wa muhogo na wanga wake si kitu kimoja. Tulikanda, tukaviringa, tukachemsha. Jambo hilo lilituchukua asubuhi nzima.

Wenzake wawili walikuja kutoka Muthangari, kwa mara ya kwanza, wakiuliza njia kila kona. Baada yao akaingia mtoto wa jirani ambaye hakualikwa na mtu, akasimama mlangoni akiitazama sufuria. Mpwa wangu aliongeza maji. Mgeni mmoja alikuwa amekuja na mirija minne kutoka dukani, mipana, ya rangi rangi, akaigawa kwa heshima kubwa. Lakini tembe zetu zilikuwa zimeviringwa na mikono isiyojua kazi, kubwa kama gololi, na hapana hata moja iliyopita. Tukazila kwa vijiko.