Risasi Ipi, na Nyuma ya Ukuta Yupo Nani?

Mmoja wa wenzetu wa darasa ametuletea suala la nduguye mwenye duka huko Marekani. Duka limevamiwa na wezi, naye, kwa ruhusa ya sheria ya huko, amenunua bastola. Sasa ataka kujua: je, yamfalia Muislamu kuchagua risasi iliyotengenezwa makusudi ipanuke mwilini? Baadhi ya waliokuwapo walicheka, wakasema aliyeruhusiwa kuua hana haja ya kuulizia chombo cha kuulia. Kicheko hicho ndicho kilichotufanya tuandike.

Yatupasa kwanza kuijua risasi yenyewe. Ile iliyovikwa shaba hata nchani mara nyingi humpenya mtu ikatokea upande wa pili, nayo ingali na nguvu za kumpiga mwingine. Yenye tundu nchani hufunguka igusapo nyama, ikafanya jeraha pana, na aghalabu hubaki humo humo. Risasi za kupanuka Waingereza walizitengeneza Dum Dum, karibu na Calcutta, katika miaka ya 1890, na mkutano wa The Hague wa 1899 ukazikataza vitani. Ajabu ni kwamba lililokatazwa kwa askari wa vita likaruhusiwa kwa mwizi wa mjini! Polisi wa New York walizichukua mwaka 1998, na hoja yao ilikuwa kwamba zile za kwanza zilikuwa zikipenya na kuwapata wasiokuwamo katika ugomvi.

Ama wanavyuoni wetu, mlango huu wameuandika zamani. Imam Nawawi katika Minhaj aeleza kuwa mshambulizi hurudishwa kwa jambo jepesi kabla ya zito: akirudi kwa maneno au kwa kelele za kuomba msaada, kumpiga ni haramu, akirudi kwa mkono, fimbo ni haramu, na anayeweza kukimbia akasalimika, yampasa akimbie. Damu ya mshambulizi haihalaliki ila kwa kadiri ya shari yake. Mwizi aliyekwisha kugeuza mgongo hana shari tena, na risasi ya namna yoyote ile kwake ni dhulma.

Mtu aweza kutupinga hapa: ikiwa hukumu ni jepesi kwanza, vipi tuijuzishe risasi yenye jeraha pana? Twajibu kuwa bastola ni daraja ya mwisho. Mwenye kuifikia hali amefanya haki, hapigi ila kwa kuwa hapana kingine cha kumzuia adui asimwue. Tena risasi moja inayomzuia huenda ikawa nyepesi kwake kuliko tano zisizomzuia. Lakini lililo zito kwetu si hilo. Mshambulizi mwenyewe ndiye aliyeivunja hishima ya damu yake. Jirani aliyelala nyuma ya ukuta hakuvunja kitu. Risasi ikimpata huyo, ni kuua kwa kukosea: kuna diya, na kuna kafara, na kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, hata mahakama ya nchi ikimwachilia. Kwa ajili ya jirani huyo twaona kuwa risasi ya kupanuka ndiyo inayofaa zaidi.

Wala asidhani kuwa akiinunua amekwisha. Nyumba nyingi za huko hazikujengwa kwa mawe kama zetu za Mji wa Kale. Kuta zake za ndani ni mbao na vibao vya jasi, na risasi yoyote, hata hiyo, hupita. Serikali yao, baada ya maofisa wawili wa FBI kuuawa Miami mwaka 1986, ilitaka risasi iingie inchi 12 wala isizidi 18, lakini kipimo hicho hakimlindi mtoto ikiwa mpigaji amekosa shabaha.

Imebaki nia. Wako wauzaji wanaoisifu risasi kwa ubaya wa jeraha lake. Mwenye kuinunua kwa sifa hiyo anajiandaa kulipiza kisasi, ilhali Mtume wetu ametuamrisha wema hata katika kuchinja mnyama.

Basi tumemrudishia mwenzetu suala moja amwulize nduguye kabla ya kununua: nyuma ya duka lake, upande ule atakaoelekeza bastola, hulala nani usiku?