Kazi ya mjini: Dharura au mazoea?

Mapema mwaka huu nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mada ya rukhsa, yaani nafuu ambazo Allah (sw) amewapa waja wake katika ibada. Tulimtaja msafiri anayepunguza swala, mgonjwa anayeacha kufunga na kulipa baadaye, na asiyepata maji ambaye hutayamamu. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Ustadhi, mtu ambaye Magharibi inampita ndani ya daladala kila siku kwa sababu ya foleni, naye ana rukhsa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtu huyo ni mimi.

Nilimjibu kama mwalimu anavyotakiwa kujibu. Nilimtajia hadithi ya Ibn Abbas (ra), iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba Mtume (saw) aliwahi kuunganisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina, bila ya khofu wala mvua. Ibn Abbas alipoulizwa sababu, alieleza kuwa Mtume (saw) hakutaka kuutia umma wake katika uzito. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ametaja wanazuoni walioichukua hadithi hiyo kuwa ni ruhusa kwa mkazi wa mji mwenye haja, kwa sharti kwamba asiifanye kuwa ada yake. Wanazuoni wengine wengi ni wagumu zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata wale walioufungua mlango kwa upana waliweka kizingiti mahali pamoja: isiwe ada.

Kijana yule hakuridhika. Akauliza tena: "Sasa ustadhi, udhuru unaisha lini?" Kengele ikalia, nikashukuru. Lakini swali hilo nimelibeba hadi leo, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Ndugu msomaji, nieleze kidogo siku yangu, kwa kuwa naamini inafanana na ya wengi. Naishi Chanika, nafundisha karibu na katikati ya mji. Natoka nyumbani baada tu ya Alfajiri, watoto wakiwa wamelala. Vipindi vya shule huisha saa kumi jioni, kisha nafundisha tuisheni mpaka karibu na saa kumi na mbili. Adhana ya Magharibi hunikuta Barabara ya Nyerere, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umelinda mfuko. Nikifika nyumbani Isha imeshaingia, na mara nyingi mtoto mdogo ameshalala tena. Nasali Magharibi na Isha pamoja, nasema moyoni "foleni", halafu nalala.

Mwaka wa kwanza ulikuwa ni udhuru. Sasa huu ni mwaka wa saba.

Kama jambo hili lingeishia kwenye swala tu, lingetosha kuwa zito. Lakini nilipolitazama vizuri niliona kuwa neno lile lile, "foleni", au ndugu yake "kazi", nimelitumia kwa wajibu nyingine pia. Mama yangu yuko Kiwangwa, katika njia ya Bagamoyo kwenda Msata. Anaishi kwa shamba la mananasi alilolima tangu baba akiwa hai. Kutoka Dar es Salaam si mbali. Barabara ni ya lami, na mtu akitoka asubuhi anafika kabla ya Adhuhuri. Lakini naenda mara mbili au tatu kwa mwaka. Kila mwezi natuma fedha kwa simu, na fedha hiyo inafika salama. Safari ya mwisho nilipopiga hodi nilimkuta anatandika mkeka mpya na kumtuma mjukuu wake akakamate kuku. Nikamwambia, "Mama, mimi si mgeni." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, anayekuja Idi hadi Idi tumwiteje?"

Mtume (saw) alipoendewa na mtu aliyetaka kwenda jihadi, alimuuliza kama wazazi wake wako hai. Alipojibu ndiyo, akamwelekeza akafanye jihadi yake katika kuwahudumia hao. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim, na nimeifundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ikiwa jihadi haikuwa udhuru kwa mtu yule, mimi na tuisheni yangu tutasimama wapi?

Sasa tuwe waadilifu. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, na kulisha familia ni faradhi juu ya mwanamume. Mtume (saw) ametuonya kuwa ni dhambi ya kutosha kwa mtu kuwatelekeza wale anaopaswa kuwalisha. Yuko mgonjwa ambaye hawezi kuondoka Dar kwa sababu kliniki yake ni Muhimbili au Ocean Road. Yuko mama lishe ambaye mtaji wake wote ni sufuria mbili na wateja wa mtaa mmoja. Yuko kijana ambaye huko alikotoka hakuna kipande cha ardhi kinachoitwa chake. Hao wana dharura, na mtu akiwaambia warudi kijijini atakuwa amewadhulumu. Hata fedha ninayomtumia mama inatoka katika mji huu huu ninaoulalamikia.

Hata hivyo, mafakihi wametuwekea kanuni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Aliyekosa chakula akahalalishiwa nyamafu anakula cha kumwokoa. Hafungi mzigo wa kesho na keshokutwa. Kwa hiyo aliye katika dharura ana kazi ya ziada, nayo ni kuipima dharura yake. Mimi katika miaka saba sikuipima hata siku moja.

Ndipo tukakaa, mimi na mke wangu, tukachukua daftari. Upande mmoja tukaandika mshahara, upande wa pili tuisheni. Kisha tukaandika matumizi: kodi ya nyumba, ambayo mwenye nyumba anaitaka kwa miezi sita kwa mpigo, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana mjini, ada ya gari la shule la watoto, na mkopo wa kuziba pengo kila kodi inapofika. Tulipojumlisha tuligundua jambo ambalo lilitunyamazisha. Fedha yote ya tuisheni, pamoja na sehemu ya mshahara, inalipia gharama za kuwa karibu na kazi. Nachelewa Magharibi ili nipate fedha ya kukaa katika mji unaonichelewesha Magharibi.

Haya si mapya. Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Tunis aliyeandika Muqaddimah mwaka 1377, alieleza kuwa katika miji mikubwa mapato ya watu hupanda, lakini matumizi nayo hupanda kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu mambo ya starehe hugeuka kuwa ya lazima kadiri mji unavyokua. Mkazi wa mji mkubwa anaonekana ana zaidi, na kweli anashika zaidi, lakini mkononi hakibaki kingi.

Wengi tunajipa moyo kwamba mji utakuja kutulia. Mwendokasi ulianza Barabara ya Morogoro mwaka 2016. Daraja la Mfugale pale Tazara likafunguliwa mwaka 2018. Ni mambo mema, na waliohangaika kuyaleta wanastahili shukrani. Lakini Dar es Salaam iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 4.3 katika sensa ya mwaka 2012 ilihesabiwa zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Barabara ikipanuliwa, nasi tunahamia mbali zaidi kufuata kiwanja cha bei nafuu, na safari inarudi kuwa ndefu kama jana. Anayesubiri foleni iishe ndipo aanze kusali kwa wakati atasubiri sana.

Basi nini hasa kinachotufunga? Nimejichunguza, na nasema kwa nafsi yangu tu: ni khofu, na juu ya khofu kuna haya. Khofu kwamba nje ya Dar hakuna riziki. Haya kwamba wenzangu tuliomaliza nao chuo kikuu watasema fulani ameshindwa mji. Khofu hiyo inagongana na aqida tunayoifundisha. Katika Suratu Hud aya ya 6, Allah (sw) ametujulisha kuwa hakuna kiumbe kinachotembea ardhini ila riziki yake iko juu Yake. Katika Suratul Mulk aya ya 15 ametukumbusha kuwa ameifanya ardhi iwe laini kwetu, tutembee katika pande zake na tule katika riziki Yake. Hakuna aya inayotaja kuwa riziki imefungiwa baina ya Kariakoo na Posta.

Na historia yetu inashuhudia. Wajerumani walifanya Bagamoyo kuwa makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini watumishi wengi waliuona kuwa hautekelezeki; kila mtu alikuwa na sababu ya kubaki. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kuwa serikali inahama kweli, wakahama. Watoto wakapata shule, wake na waume wakapata shughuli, maisha yakaendelea. Sababu zile zote zilikuwa wapi? Nyingine zilikuwa za kweli, lakini nyingi zilidumu kwa kuwa hakuna aliyezipangia tarehe ya mwisho.

Mwalimu wa dini ana kisingizio chake maalumu, nacho ni kwamba daawa iko mjini. Bagamoyo hiyo hiyo inatukanusha. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa pale akiwa mtumwa, akasoma, akawa mwanazuoni ambaye watu walimfuata kutoka mbali kuchukua elimu. Makao makuu ya serikali yalikuwa yameshahama, lakini elimu ilibaki ikiheshimiwa.

Sisemi kwamba Kiwangwa ni pepo. Nanasi linachukua mwaka mmoja na nusu hivi tangu kupandwa mche hadi kuvunwa, na msimu ukijaa bei anapanga dalali aliyekuja na gari, si mama aliyeinama shambani. Vijana wa kule wanakimbilia Dar kuendesha bodaboda, na watu wa Dar wanakwenda kule kununua mashamba. Kila mmoja anadhani nafuu iko alikotoka mwenzake. Kuhama bila mipango si tawakkul. Mtume (saw) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah.

Imam Ghazali ni mfano mzuri hapa. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad, cheo ambacho wengi walikitamani. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh kwamba kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, leo akiazimia kuondoka, kesho akighairi, mpaka ulimi ukamzito darasani. Mwaka 1095 akaondoka, lakini baada ya kuwatengea watoto wake cha kuwatosha. Na miaka kadhaa baadaye alirudi kufundisha, Nishapur. Hakukimbia kazi. Alikataa kazi imfanye asiweze kujibu swali la nafsi yake.

Jibu langu kwa mwanafunzi yule, ambalo nimeshampelekea darasani, ni hili: udhuru unaisha siku unapoacha kutafuta njia ya kutoka. Mgonjwa anayetafuta dawa ana udhuru hata akiugua miaka ishirini. Aliyepona akaendelea kulala amejidanganya tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wangu nimeanza kutafuta. Nimeandika barua kuomba nafasi ya kufundisha upande wa Bagamoyo. Nikiikosa, mimi na mke wangu tumejiwekea mwisho wa mwaka ujao kuwa siku ya kufungua daftari upya, tukiwa tumeweka akiba ya miezi kadhaa. Mama nitakuwa namwona kila mwezi, kwa nauli itakayotokana na siku moja ya tuisheni niliyoifuta.

Na Magharibi? Ikiadhiniwa nikiwa ndani ya daladala, nashuka kituo kinachofuata penye msikiti, nasali, kisha napanda gari jingine. Inanigharimu nauli ya pili, na nusu saa zaidi barabarani. Kwa miaka saba niliamini kuwa jambo hilo haliwezekani.

Ndugu yangu Muislamu, chukua daftari lako. Huenda ukapata kuwa dharura yako ni ya kweli. Basi tulia, Allah (sw) haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Na huenda ukapata nilichokipata mimi.

Wallahu a'lam.